Usizime, Usiguse

Karatasi ilibandikwa kwa selotepu juu ya skrini,
mwandiko wa Tunu, kalamu ya bluu, herufi kubwa:
USIZIME. USIGUSE. BARUA ZINATOKA HAPA.

Ofisi yetu iko Kurasini, ghorofa ya pili.
Chini malori ya Lubumbashi yamepanga foleni
hadi Barabara ya Kilwa,
madereva wanachemsha chai ubavuni mwa tairi.

Miaka sita programu ya barua pepe
iliishi ndani ya jina la Tunu.
Akiingia, inaingia;
akitoka, inatoka naye
kama mtoto aliyeshika pindo la khanga.
Basi hakutoka. Alizima taa, alizima pangaboi,
akaiacha kompyuta macho,
akaenda zake Mbagala na wasiwasi.

Jumapili moja mlinzi Chingwile akafuta vumbi.
Kitambaa kikagusa kitufe.
Jumatatu, barua mia mbili na kumi na nne
zimekaa foleni:
ankara, hati za shehena, "tafadhali jibu haraka",
na huko chini malori nayo yamekaa,
moja la samaki wa barafu.

Nikaitwa. Sikuja na kitu ila vidole.
Niliitoa programu dirishani,
nikaivua sura, nikaivua kengele,
nikaifanya huduma:
mashine ikiamka, nayo iamke,
isimngoje mtu aandike nywila;
ikianguka, ihesabu sekunde thelathini, iinuke.

"Sasa iko wapi?"
"Ipo."
"Naiona wapi?"
"Huioni, Tunu. Ipo."
Akanitazama kama aliyeambiwa
chungu kinachemka, jiko halionekani.
Nikamfungulia kumbukumbu:
saa tisa na dakika nne, imetumwa.
Saa tisa na dakika nne, imetumwa.
Alisoma mstari kwa mstari, miwani puani,
akitafuta jina lake.
Halikuwamo.

Alhamisi usiku umeme ukakatika Temeke nzima.
Uliporudi, saa kumi kasoro robo,
Chingwile alikuwa amelala na redio yake.
Feni ya seva ikakohoa,
na barua ya kwanza ikaenda Ndola
bila mkono wa mtu.

Siku hizi Tunu anatoka saa kumi na moja kamili.
Karatasi hajaibandua;
anasema selotepu imeng'ang'ania.
Ila nimemwona, mara mbili,
kabla ya kufunga mlango,
akiweka kiganja juu ya kasha la seva.
"Lina joto," anasema,
si kwangu.