Daftari la Saidalavi

Duka lina kibao, ila jua la Mabela
limekilamba herufi, limesaza neno moja: vyakula.
Sisi twasema tu, kwa Saidalavi.

Honi moja ni mkate.
Honi mbili, mkate na laban.
Jirani yangu Bi Thuraya hupiga tatu na hashuki;
kioo hukiteremsha upana wa kidole, ubaridi usimtoroke,
na Saidalavi hutoka mbio na kandambili zake,
nyuzi arubaini na sita,
mkononi pakiti ya chumvi.
Pakiti moja. Baisa mia.

Mimi huenda kwa miguu. Nataka kuuona muhogo
ulioshuka jana kwa ndege kutoka kwao Kerala,
na ndizi mbichi, utomvu haujakauka.
Kwao na kwetu masufuria ni ndugu,
ila yeye hutia majani ya mvuje, mimi tui la pili,
na hapo ndipo tunapogombana,
yeye kwa Kiarabu cha dukani,
mimi kwa Kiarabu cha marehemu mama,
kimejaa Kiswahili kama mchele wenye chuya.
Nazi huitikisa sikioni, kafumba macho:
Hii, la.
Hii, la.
Hii.

Mwezi wa Machi wakafungua ile kubwa, pale mzunguko.
Nikaenda. Nisiseme uongo, nilikwenda mara tatu.
Baridi ya chumba cha maiti,
matofaa ya nchi nane yanang'aa kama viatu vya Idi,
kigari changu gurudumu moja lina safari yake.
Nikanunua kikaango. Nikanunua mshumaa
wenye harufu ya tikiti, wa nini, sijui,
na nazi sita ndani ya nailoni, zimenyolewa ndevu.
Binti wa kaunta alinisalimia vizuri kabisa,
akamsalimia wa nyuma yangu kwa sauti ile ile.

Kurudi nikapita uchochoroni,
kwenye mapipa ya taka na paka wa Bi Thuraya,
mifuko nimeigeuza, jina lao liwe ndani.
Mtu mzima, miaka hamsini na tisa,
namkwepa muuza vitunguu!
Na kweli alikuwa ananidai:
riali kumi na moja, baisa mia mbili.

Nazi ya kwanza, mbovu.
Ya pili, nisiisimulie.
Wakwe wa Nadhira wako njiani kutoka Sumaili,
wali haujatiwa tui.
Nikatoka na leso ya jikoni, mikono ina unga.

Saidalavi hakuuliza kitu.
Akatikisa, akafumba macho, akavunja mbele yangu,
akaonja maji yeye kwanza, akanipa.
Nilipofika mlangoni ndipo akasema,
hakuinua hata uso kwenye mizani:
Mama, uchochoroni kuna vigae vya chupa.
Pita mbele tu.

Mwisho wa mwezi nikaenda kulipa.
Daftari lile, mwandiko wake wa mviringo,
pete juu ya pete, sijawahi kulisoma.
Mpwawe, Shihab, mgeni wa wiki mbili,
ndiye aliyenionyesha mstari wangu.
Hili ndilo jina langu?
Akacheka. Si jina, Mama. Hapa pameandikwa tenga.
Kwao, tenga ni nazi.

Miaka kumi na minane, basi, mimi ni nazi.
Nikasimama pale natafuta hasira, siioni.
Kwetu tenga ni la kubebea samaki,
na kutenga ni kumweka mtu kando,
na kumtengea ni jambo jingine kabisa:
chini ya meza, ndani ya gunia, zilikuwa nazi nne nzito
ambazo Bi Thuraya, kwa honi zake zote, hajawahi kupewa.

Nikalipa kumi.
Ile moja na baisa mia mbili nikaiacha ilale kitabuni,
nisije nikafutwa.