Fidla, Kodiani, na Mto Ulionyamaa

Juma la tatu tumo jikoni kwa mjomba Hannes,
kaskazini ya Ufini, Aprili, theluji bado imefika dirishani,
mimi na fidla, yeye na kodiani
ambayo kitufe chake kimoja kiling'oka
akabandika kifungo cha koti la marehemu mkewe.

Nimeandika kurasa tisa.
Nimeandika maji yanavyokuja kwa vishindo,
noti zikifukuzana kama kware waliokurupushwa,
nikatia na povu, juu kabisa, kwenye waya mwembamba.
Mjomba anasikiliza hadi mwisho.
Anachovya kipande cha sukari katika kahawa, anakifyonza.
"Hayo," asema, "ni maji ya bomba."

Ana haki. Nilizaliwa miaka kumi na mmoja
baada ya bwawa kufungwa.
Hirvaskurkku kwangu ni jina kwenye ramani iliyochanika mikunjoni,
na juu ya jina hilo ziwa pana, tulivu,
ziwa lisilo na neno.
Nitamliaje maiti
ambaye sikuwahi kumsikia akikohoa?

"Maji hayapigi kelele, Tyyne. Mawe ndiyo husema.
Maji ni pumzi tu.
Sisi watoto tulilala mto ukiwa chini ya mto,
ukiinua kichwa unaunguruma,
ukikilaza unaunguruma,
hata hatukujua kuwa ile ni sauti.
Usiku walipoufunga
mama aliketi kitandani ghafla
akauliza nani amekufa."

Tunajaribu tena.

*Yeye apiga ya chini, mimi naishika juu,*
*anizamisha majini, namkamata mguu,*
*tukifika ukingoni, hakuna tena mkuu*

vina vimekaa, mizani sawasawa,
na bado si maporomoko.
Ni watu wawili wastaarabu
wanaopishana mlangoni.

Jumatano, taa imeshazimwa, nadhani amesinzia.
"Zege nilimwaga mimi," asema gizani.
"Si peke yangu. Lakini na mimi.
Miezi kumi na minne juu ya ukuta ule,
nina miaka kumi na tisa, mikono imebabuka kwa saruji.
Mshahara wa mwisho nikanunua hii."
Na anaipiga kofi kodiani, taratibu,
kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni.

Kodiani ile.
Iliyonichezesha harusini kwangu.
Iliyomsindikiza shangazi hadi kaburini, katika baridi
iliyogandisha vidole vyake juu ya vitufe.
Miaka yote hiyo nilidhani anafumba macho kwa raha.

Sikuwasha taa. Sikusema pole;
pole ingekuwa noti nyingine ya ziada.
Nikamsikia akifungua mkanda wa ngozi,
akiivuta mivukuto polepole, wazi, wazi zaidi,
bila kugusa noti yoyote,
kidole gumba tu juu ya kitufe cha hewa.

Ikatoka.
Hewa tupu, nzito, yenye vumbi na kitambaa cha kale,
ikaingia tena, ikatoka,
na kila ilipogeuka kulikuwa na mkwaruzo mdogo
pale mivukuto ilipotiwa kiraka.
Jiwe.
Ikarudi. Jiwe jingine.

Nikapapasa fidla. Nikauweka upinde kwenye waya mnene,
na huku navuta nikalegeza kigingi,
sauti ikashuka, ikashuka,
ikapita mahali sauti inapostahili jina,
ikawa changarawe.
Hatukutazamana. Isingewezekana hata hivyo.

Asubuhi nimefuta kurasa nane.
Ya tisa ina mistari miwili ya penseli:
kodiani, hewa tu;
fidla, legeza hadi waya uchoke.
Mahali pa kuandika muda nimepaacha wazi,
kwa kuwa nilipomuuliza ni dakika ngapi
aliangalia ziwa, akaangalia mikono yake,
akaenda kutia kuni.

Kisha theluji ikaporomoka kutoka paani,
kishindo kimoja, dirisha likatetemeka, vikombe vikalia.
Nikainua penseli.
"Hiyo," akasema mjomba bila kugeuka,
"iache. Hiyo si yetu."