Marejeo Ngamani

Daktari Leunis aling'oa meno miaka arobaini
katika mji wa Vlissingen, penye upepo usioomba radhi.
Sasa kiti kimeuzwa, kibao kimeshushwa mlangoni,
lakini keekee ndogo amebaki nayo,
na koleo, na kile kioo cha mviringo chenye mkono mrefu
kilichokuwa kikichungulia magego ya mabaharia.
Leo kinachungulia tumbo la manowari.

Moja kwa sabini na tano:
hicho ndicho kipimo, wala hakina huruma.
Pipa la baruti ni punje ya mbaazi,
mtu mzima ni ukucha wa gumba.
Ukikosea unywele mmoja hapa mezani,
kule baharini umekosea nusu kidole,
na maji hayahitaji zaidi ya hapo.

Mkuku aliulaza Novemba.
Akasimamisha mataruma, moja moja,
kama mbavu za samaki aliyeliwa kwa adabu.
Mbao za mpeasi alizichemsha katika sufuria ya supu
mpaka zikalegea, zikakubali kupinda.
Pieternel, dada yake, alikunywa supu yenye ladha ya seremala
wiki tatu, asiseme neno.
Wiki ya nne alisema.

Mizinga sitini na nne, ya shaba.
Alihesabu: sitini na mitatu.
Akapekua zulia, akapekua mifuko ya suruali,
akamtazama paka; paka akatazama dirisha.
Akauchonga mwingine,
na mkono, huu mkono ambao haukuwahi kutikisika
juu ya ufizi wa mtu,
ukaanza kutikisika.

Hutulia asubuhi, kabla ya kahawa, dakika ishirini.
Ndipo hufunga mafundo:
uzi wa kitani uliopakwa nta,
vidato vya kupandia milingoti
ambavyo hakuna atakayevipanda.
Ishirini kwa siku. Yamebaki elfu mbili na mia nane.

Kisha Tanneke, mjukuu wa Pieternel, mwenye pengo mbele,
akaegesha kidevu juu ya meza.
"Watu wako wapi?"
Akamjibu kwamba hii ni merikebu ya maonyesho,
kwamba michoro ya kale ina mbao na chuma,
watu hawakuchorwa.
"Basi mizinga anafyatua nani?"

Usiku ule hakulala.
Alilikumbuka daftari la kinyozi-mganga wa melini,
wino wake umekuwa rangi ya chai:
*Jino moja, la mvulana wa baruti. Hakulia.*
Bei ameiandika. Jina hakuliandika.

Alfajiri Leunis akawasha keekee,
akazitoboa mbao alizokwisha kuzigandisha,
akafungua sitaha kama anayefungua taya.
Chini kabisa, ngamani, akaweka taa isiyowaka,
kigoda cha miguu mitatu,
na juu ya kigoda mvulana, nusu ya ukucha,
kinywa wazi.
Tanneke akaleta jino lake lililong'oka Jumapili.
Nalo likaingia, likawa farumi.
Akafunika. Akapiga msasa. Hakuna alama.

Juni wakaiweka ndani ya kioo katika ukumbi wa manispaa.
Diwani akasema *fahari* mara saba, Pieternel alihesabu.
Watu wakampiga picha simba wa dhahabu kule omo,
wakahamia tezi, kwenye madirisha na nakshi,
wakarudi omo, wakaenda tena tezi.
Waswahili walikwisha kuyasema hayo,
ila wao walisema pia marejeo ni wapi.

Msichana mmoja tu alikuwa amechuchumaa,
shavu kwenye kioo, anaangalia chini ya mstari wa maji
pasipo na kitu cha kuangalia.
Daktari hakumwita.

Mzinga uliopotea ulionekana baadaye
ndani ya kiatu cha Pieternel cha kanisani.
Hakuurudisha.
Uko juu ya jokofu, umemlenga paka.