Deki Iliposimama

Slaidi arubaini na moja.
Nilizipanga usiku kucha, chumbani Ganjoni, feni ikilalamika,
herufi ndogo kama sisimizi waliokuta sukari,
vichwa vya mada vikija mbio kutoka kushoto
na kuzunguka mara mbili kabla ya kutua.
Na grafu, ewe grafu! Mistari saba,
ukili wa mkeka uliofumuka.

Bi Rukiya wa mipango aliniambia: Tia kila kitu,
wasije wakasema hatukufanya kazi.
Nikatia kila kitu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilikwenda Tononoka
kuijaribu projekta, na sauti yangu.
Viti mia mbili, vyote vitupu,
na Chengo, kijana wa usafi, akipiga deki,
sikio moja limezibwa na mpira wa Uingereza.

Nikaanza. Waheshimiwa, mabibi na mabwana.
Slaidi ya tatu: deki, shwaa, shwaa.
Ya tisa, malengo mahususi: shwaa.
Ya kumi na nne niliisoma neno kwa neno,
mgongo nimevipa viti,
nikajikuta napiga mwayo kwa maneno yangu mwenyewe.
Ya ishirini, grafu.
Chengo akainua ndoo, akapita nayo mbele ya mwanga,
kivuli chake kikapanda juu ya ile mistari saba,
na kwa mara ya kwanza jioni ile
ukutani palikuwa na kitu kinachohusu maji.

Ya thelathini na mbili sikuipenda hata mimi.
Picha ya simu, imekaa upande:
ukurasa wa daftari la Mwanakombo wa Mishomoroni,
kwa kalamu inayokaribia kwisha.
Jumatatu mitungi mitatu.
Jumanne miwili.
Alhamisi mmoja, wa mkopo.

Deki ikasimama.
Chengo akachomoa waya sikioni.
"Dada, na Jumatano alikunywa nini?"

Sikujua.
Miezi minne ya utafiti, takwimu zenye desimali mbili,
na sikujua.

Saa tatu usiku nikampigia Mwanakombo.
Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayefunika chungu.
"Jumatano mtungi ulifika hamsini.
Nikatia nia ya funga, mwanangu.
Angalau kiu nayo ipate thawabu."

Nikarudi kwenye kompyuta, nikafuta.
Nilianza na zile zinazozunguka.
Nikafuta malengo, nikafuta shukrani,
nikafuta nembo ya ofisi iliyoganda kila pembe kama nzi.
Grafu niliionea huruma, ilinila siku sita;
nikaizungukazunguka, nikaenda kunywa maji,
nikarudi nikaifuta.
Zikabaki tano. Kufika alfajiri, tatu.

Asubuhi ukumbi umejaa:
madiwani, wahandisi, kina mama wa kamati na mapepeo yao,
Bi Rukiya mstari wa mbele, kalamu tayari kunihesabia makosa.
Nikautundika ukurasa ule ukutani, mkubwa kama mlango.
Nikawatazama watu, si ukuta.
Kisha nikafanya lililo gumu kuliko yote:
nikanyamaza.

Moja. Mbili.
Bi Rukiya akakohoa.
Tatu. Mtu anapapasa mfukoni, anatafuta miwani.
Nne, tano, midomo inaanza kusoma yenyewe,
Jumatatu, Jumanne,
mapepeo yametulia mapajani,
na mimi jasho linanitambaa mgongoni, nataka kusema, sisemi.
Nane.
Mhandisi mmoja, shati limelowa kwapani,
akanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili.
"Samahani. Jumatano iko wapi?"

Nyuma kabisa, mlangoni,
Chengo ameegemea mpini wake,
masikio yote mawili wazi.

Nikabonyeza.
Slaidi ya pili haikuwa na kitu.