Burena

Mjomba Sleyum kaiteremsha msumarini,
kaifungua leso ya marehemu bibi —
jina la leso limefutika, limebaki neno moja, *jirani* —
kailaza jamvini kama mgonjwa aliyepata usingizi.

Sisi huiita Burena.
Ndivyo babu alivyozisoma herufi za ubavuni,
yeye aliyejua Kiarabu, Kiswahili na hesabu ya karafuu,
na herufi za Kizungu akizibahatisha.
Jina likaingia nyumbani kama mke mdogo:
kwanza kwa mashaka, kisha na funguo.

Inakula risasi moja. Moja tu.
Sukuma mkono wa chuma chini ya kifyatulio,
bonge la chuma linashuka taratibu,
kama mtu ashukaye ngazi za falaji kutawadha,
na kule mbele, mwisho wa mtutu, unauona mchana,
duara dogo la Mudhairib, mnara na anga.
"Miaka mia na ushei," asema mjomba, "na kutu hana.
Nitajie mwanamume wa hivyo."

Ubavuni kachorwa mnyama mwenye matawi kichwani.
Utotoni nilidhani ni paa aliyenasa mtini.
Sikujua bado kuwa kuna nchi
ambako pembe huchipua na kuanguka kila mwaka.
Kwetu pembe ni za mbuzi,
na mbuzi akinasa mgungani, tunatumwa sisi.

Mwaka juzi akaja mtoto wa Zuweila,
anayesomea meno huko Ujerumani,
akainamia chuma kama anatafuta jino bovu.
*Brenner,* akasema. *Suhl.*
Si jina la bunduki. Ni la fundi.

Basi tumekuwa tukimwita mtu!
Miaka tisini, kwenye harusi na idi,
tumempaka mafuta ya nazi, tumemfunika leso,
tumemlaumu alipokosa shabaha,
na yeye kalala huko chini ya theluji,
hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumrehemu.
Mjomba alinyamaza mpaka kahawa ikapoa.

Lakini jambo langu ni jingine.
Mti wa kitako umejipinda kidogo,
na upande wa kulia una uvimbe laini, wa kuegemea shavu.
Babu alilalamika hadi kufa:
Burena ana kofi, Burena hapendi uso wangu.

Mimi nina shoto.
Nilifungwa kitambaa mkono huu nikala kwa ule mwingine,
nikaandika kwa ule mwingine, vibaya,
mkasi tu nilikuwa nikiiba.
Leo nimelala kifudifudi kwenye changarawe ya wadi,
ng'ambo kuna jiwe lililopakwa chokaa, hatua mia mbili,
na mjomba amekwisha kuwafukuza mbuzi wa Muhenna.
Nikaiweka begani, bega la kushoto, bila kuuliza.

Shavu likapata mahali.
Mti ulikuwa ukinisubiri, au tuseme
ulikuwa ukimsubiri mwindaji fulani asiyenijua,
naye pia, yamkini, alipigwa mwiko wa mkono utotoni.

Pumzi. Nusu ya pumzi.

Mlima ukajibu kabla sijasikia swali.
Chokaa ikaruka, vumbi jeupe, kiganja kimoja cha unga.

Nilitaka aseme kitu, mjomba.
Alikuwa akipapasa changarawe kando yangu.
"Ganda," akasema. "Li wapi ganda?
Yamebaki kumi na saba."