Daftari la Maziwa

Jibini letu ni pana kama gurudumu la mkokoteni,
na gurudumu moja hunywa madebe ishirini na mawili.
Hakuna zizi hapa milima ya Jura lenye kiasi hicho.
Anselme Vuillet ana madebe mawili,
mjane Clotilde ana debe moja na povu.
Ndiyo maana kila jioni, iwe theluji iwe mvua,
watu hushuka kwa mstari hadi kwenye sufuria ya shaba,
na mimi, binti wa mtengeneza jibini,
naandika: jina, uzito, tarehe.
Wino ukiganda nauyeyusha kwa pumzi.

Maziwa yakishamiminwa hayana mwenyewe.
Hatukuwa na katiba nyingine.
Ya waendao misa na ya wasioenda,
ya Anselme na ya nduguye, ambao
hawajasalimiana tangu ugomvi wa ukuta,
yote hulala kitanda kimoja
na asubuhi huamka yakiwa kitu kimoja.

Februari ile magurudumu matatu yalivimba
yakapasuka mgongo.
Baba akatoa kipimo cha kioo,
akakitumbukiza katika kila debe bila kusema neno.
Kwa Firmin Bourdet kikazama,
kikapita alama nyekundu.
Watu walitazama viatu vyao.
Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika kitu.

Usiku tukakaa kwenye mabenchi, makoti mwilini.
Anselme akapiga meza: Afukuzwe!
Aliyetia maji debe moja
ametuibia sote kumi na tisa.
Na ilikuwa kweli, hilo lazima niliseme;
benki ilikuwa inatudai, na mwanangu
alivaa viatu vya dada yake.
Mmoja akataka kanuni isomwe.
Ikasomwa. Haikuwa na jibu.

Ndipo Clotilde, ambaye hampendi Firmin
na hajawahi kulificha jambo hilo, akauliza:
Una ng'ombe wangapi sasa?
Hakuuliza kwa nini. Aliuliza wangapi.

Gogo likaporomoka ndani ya jiko.
Wawili, akasema Firmin. Mmoja alinifia akizaa,
kabla ya Noeli. Kati ya hao wawili, mmoja amekauka.
Niliona haya kuja na nusu debe mbele yenu.

Mficha uchi hazai, wanasema.
Yeye alificha, akazaa maji.
Nasi tulipita mbele ya zizi lake siku arobaini
tukisifu theluji.

Hatukukumbatiana, msidhani.
Alilipa mikokoteni sita ya kuni,
na Anselme hakumpa mkono hadi siku za kukata majani.
Ila daftarini niliongeza safu moja nyembamba,
nikaipiga mstari kwa ubao wa kukatia mkate:
Aliyepungukiwa.
Ukipungukiwa, sema. Utaandikwa,
utarudisha ng'ombe akizaa.

Kiangazi cha pili mvua ilitususa.
Wa kwanza kuingia safu ile alikuwa Anselme.
Alisimama mlangoni, kofia kifuani,
akaninong'oneza: nusu debe.
Nikaliandika jina lake
kwa herufi zilezile za siku zote, si kubwa, si ndogo.
Nyuma yake Firmin alikuwa akisubiri zamu.
Alisogea, akamshikia mlango.

Kipimo hatukukitupa. Kinaning'inia msumarini,
na siku hizi kila mtu hujipimia mwenyewe,
wazi, huku akizungumza habari za mvua.

Jibini hukaa ghalani mwaka mzima.
Baba hupita na nyundo ndogo, anagonga, anatega sikio.
Kuna sauti ya kitu kilichoshikamana
na kuna sauti ya ufa uliojificha.
Nilichelewa kujua tofauti.
Sasa naisikia hata mikutanoni:
mtu anapiga meza, wengine wanashtuka,
nami nainamisha kichwa,
nasikiliza ndani pana nini.