Na Wenzake

Al-Khuwair, saa nane za usiku. Kiyoyozi kinakoroma.
Jarida la meno limenirudishia makala,
si kwa hoja: kwa nukta.
Mwaka, nuktamkato, juzuu,
toleo ndani ya mabano, nuktambili, kurasa.
Nakwangua mstari kwa mstari
kama ukoga chini ya ufizi.

Na hii "Al" niiweke wapi?
Mashine imenipanga kwenye A,
mimi na nusu ya Omani.

Rejeo la kumi na saba:
madoa ya floridi, watoto wa Ibra. Waandishi tisa.
Kanuni yasema taja sita,
waliobaki ni "na wenzake".

Wa saba ni Zuwena Al-Maskari.
Ndiye aliyezunguka shule zote na kioo chake kidogo,
akiwabembeleza watoto kwa tende
(daktari wa meno, jamani!)
ndiye aliyenishika kiganja: "Taratibu, si jiwe hilo."
Siku hizi yuko Sib, amestaafu,
meno ya bandia kwenye bilauri.

Naandika jina lake. Programu inaling'oa.
Narudisha. Inaling'oa.

Alfajiri natuma, marejeo yote safi,
meupe, yamepangika.
Ulimi wangu hautulii,
unarudi palepale penye pengo.